Mafiga ya Shabani

Jiko la shangazi yangu lilikuwa linanukia kitunguu saumu hata siku ambazo nyumbani mwake hamkuwa na kitunguu cha aina yoyote. Nililithibitisha hilo mwenyewe. Asubuhi moja nilikaa kwenye kibao pale jikoni nikamtazama akichota maji mtungini, akayatia kwenye sufuria, akachochea kuni. Kabla maji hayajachemka harufu ilipanda: saumu iliyokaangwa, iliyokaribia kuungua, harufu ya nyumba yenye shughuli. Nikafunua sufuria. Mlikuwa na maji matupu.

"Shangazi, unapika nini?"

"Maji ya chai."

"Mbona kunanukia pilau?"

"Ni jiko hilo, mwanangu. Lina njaa kuliko wewe."

Harufu ilitoka kwenye mafiga, yale mawe matatu ya kuinjikia sufuria. Na mafiga yale yalitoka kwenye mgodi. Ili nieleweke itabidi nirudi nyuma kidogo.

Kutoka Tanga unakwenda hadi Pangani, unavuka mto kwa pantoni, kisha unaiacha njia ya Ushongo upande wa bahari na kuingia bara, kwenye vilima. Mkonge ulilimwa huko zamani. Sasa umebaki wa kujiotea, umesimama peke yake katikati ya vichaka. Baada ya mkonge unakuta ardhi yenye rangi ya kutu, haina majani mengi, na kifusi kirefu cha mawe kilicholala ubavuni mwa kilima kama mtu aliyejifunika shuka. Nyuma ya kifusi kuna mashimo mawili yenye maji, na mbele yake ukuta wa tanuru na kipande cha dohani ya matofali. Juu ya dohani umeota mtini. Hayo ndiyo yaliyosalia.

Kila mzee niliyemuuliza alinianzia mahali pamoja: wakati wa Mjerumani. Mjerumani alikuja kufuata shaba. Alipiga mawe, akaona michirizi ya kijani, akaleta watu wa kuchimba, wengine kutoka mbali hata lugha zao hazikusikika tena hapa. Kwa hiyo mahali pale pakaitwa Shabani, yaani kwenye shaba. Jina halikuwa na fumbo lolote.

Lakini shaba ile haikuwa peke yake. Ilishikana na kitu kingine, kizito, chenye kumeta kama fedha, na kitu hicho kilitakiwa kichomwe kitoke kwanza. Hapo ndipo tanuru lilipojengwa. Na tanuru lilipowashwa bonde zima likanukia saumu. Watu waliokuwa wakila muhogo mkavu walitoka nje wakawa wanavuta hewa. Wakasema Mjerumani anapika pilau. Bibi mzaa baba alikuwa bado hajazaliwa, lakini alirithi maneno hayo kwa mama yake na akayasema jinsi yalivyosemwa: "Leo pilau imeinjikwa." Pilau haikupakuliwa. Mbuzi waliokuwa wakila majani chini ya dohani walianza kujikokota kwa miguu ya nyuma, kisha wakafa, na ng'ombe wa mtu mmoja akafuata. Wenye mbuzi walikwenda kulalamika wakafukuzwa getini.

Vita vikaja, Mjerumani akaondoka. Baadaye akaja Mwingereza na pampu ya kukausha mashimo. Pampu ilifanya kazi kiangazi kimoja, mvua za masika zikaishinda, naye akaondoka na pampu yake. Baada ya hapo hakuja mtu. Mkonge ukapandwa kuzunguka pale, nao ukaja kuachwa. Nimetafuta zaidi ya haya na sikupata. Sijui hata kama shaba yenyewe ilipata kutoka ya kutosha kujaza gari moja.

Kilichonishangaza kuliko yote ni jinsi mgodi ulivyosahaulika ukiwa unaonekana kwa macho. Kosa lilikuwa la jina. Waliokuja kuandika majina ya vitongoji walisikia Shabani, wakadhani ni mtu. Wakasimamisha kibao kwenye njia panda: KWA SHABANI. Kibao kikishasimama huwa kinaaminiwa kuliko mdomo. Watoto wa shule wakaanza kuuliza Mzee Shabani alikuwa nani, na watu wazima, kwa kuona haya ya kutokujua, wakawajibu. Mmoja alisema alikuwa mkulima wa minazi. Mwingine akamfanya mwalimu wa chuo aliyetokea Pangani. Nilipofika na kalamu yangu, maana wakati huo nilikuwa nikiyaandikia magazeti kutoka Tanga, kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha hata kaburi lake. Lilikuwa ni msingi wa nyumba ya pampu.

"Na hayo mashimo?" nikamuuliza.

"Visima vyake, dada. Alikuwa na mifugo mingi."

Niliporudi nikamsimulia shangazi. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo.

Shangazi alikuwa ndugu wa baba yangu kwa baba na mama, na ndiye aliyekuwa amebaki. Aliolewa kule vilimani akiwa msichana. Siku alipoingia kwa mumewe mama mkwe alimpangia jiko, kama ilivyokuwa desturi yao: bibi harusi hachagui mafiga yake, anapewa. Mama mkwe alikwenda kwenye kifusi cha Shabani akachagua mawe matatu. Wanawake wote wa kilima kile walichukua mafiga huko. Mawe mengine yakipigwa na moto hupasuka, wakati mwingine na uji juu yake. Ya Shabani yalikuwa mazito, yametulia, yanakaa na joto mpaka alfajiri. Na yalinukia.

Harufu haikuwa ya kila siku. Jiwe likizoea moto lilinyamaza. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa Shabani, kabla ya mfungo, wanawake walizima moto, wakayang'oa mafiga, wakayageuza. Upande uliokuwa nje ukaelekezwa ndani. Jiwe lililokaidi likapigwa kwa shoka mpaka uso mpya utoke, unaometa. Ramadhani ikiingia, jiko linanukia upya wakati wa daku na wakati wa futari, hata kama futari yenyewe ni mihogo ya chumvi. Walisema hiyo ndiyo baraka ya mwezi. Walisema pia, kwa kuchezea maneno, kwamba wao wanafunga saumu na jiko linafungua saumu. Ukiwauliza watu wa huko kwa nini mahali paliitwa Shabani, wapo waliokujibu kwa uhakika kabisa: kwa sababu ya mwezi wa kugeuza mafiga. Kwa hiyo jina lilikuwa na maelezo matatu, na lile la kweli ndilo lililokuwa na watu wachache.

Kulikuwa na sifa nyingine. Nyumba zile hazikuwa na panya. Makuti juu ya jiko la shangazi yalikuwa na unga mweupe, mwembamba kama unga wa sembe uliopepetwa, na aliusifia. Alisema makuti yake hayaliwi na mdudu.

Nilipokuwa mdogo kilima kile kilikuwa na watu. Baadaye kisima cha pampu kikachimbwa chini, karibu na barabara, na shule ikafuata pampu, na msikiti ukafuata shule. Watu wakashuka mmoja mmoja. Waliposhuka walijenga nyumba za bati, wakanunua majiko ya mkaa. Mume wa shangazi akafa. Mwanawe wa pekee alikwenda Mombasa kwa njia ya Horohoro akiwa kijana. Kwanza alituma salamu, kisha akawa hatumi. Shangazi hakushuka. Alisema mtoto wake anaijua njia ya kilimani tu.

Nikawa nakwenda kumtazama kila nilipoweza. Naijua sauti ya nyumba yenye mtu mmoja. Kikombe kikiwekwa mezani unakisikia. Ukimwita mwenye nyumba anaitika upesi mno, kama aliyekuwa anangoja kuitwa tangu jana. Jioni alikuwa akitandika mkeka barazani, akakaa upande mmoja, akauacha upande wa pili mtupu. Nilipofika nilikaa hapo. Nilipoondoka niligeuka kwenye mkonge wa mwisho nikaona mkeka bado uko vile vile.

Mikono yake ndiyo iliyonianzishia mashaka. Viganja vilikuwa vimeota vinundu vigumu kama punje za mtama, na ngozi ya shingo na mgongo imefanya mabaka, ya kahawia na meupe, kama papai linaloanza kuiva. Yeye alisema ni uzee na jembe. Lakini mama yangu alilima vilevile mpaka uzeeni na viganja vyake havikuwa hivyo. Na kulikuwa na kile kikohozi.

Katika kazi yangu nilifahamiana na mtaalamu wa miamba, mtu wa Moshi aliyekuwa Tanga kwa shughuli za machimbo ya chokaa. Nilimwomba tuongozane. Hakwenda kwanza kwa shangazi. Alikwenda kwenye kifusi, akaokota jiwe, akalipiga kwa nyundo, akalipeleka puani. Kisha akaniletea mimi.

"Nusa."

Nilinusa. Nikarudishwa jikoni kwa shangazi, jua likiwa utosini.

"Hii ina aseniki," akasema. "Sumu ya panya ya zamani, ile ya unga. Walifuata shaba wakaikuta hii imeikumbatia. Ukilichoma jiwe, sumu inatoka na moshi, ikipoa inakuwa unga mweupe. Tanuru lile lilikuwa la kuitoa."

"Mtu akilifanya figa?"

Alinitazama akidhani natania. Nikampeleka. Aliinama kwenye banda la jiko, akatazama mafiga, akatazama makuti juu, akatoka nje kabla hajajibu salamu ya mwenye nyumba. Huko nje alisema hawezi kujua ni kiasi gani kimetoka katika mawe yale na ni kiasi gani kimebaki. Ganda la nje huenda limeungua lote. Ndani, kusikofikiwa na moto, bado. Alisema lililo baya zaidi ni kule kuyageuza na kuyapasua.

Shangazi alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai. Mgeni alikataa chai. Alipoondoka, shangazi akanigeukia.

"Mgeni wako anaogopa chai?"

"Anaogopa jiko, shangazi. Amesema ni sumu."

"Sumu! Nimekula jiko hili tangu kifua kimesimama mpaka kimelala. Sumu gani hiyo mvivu?"

"Na viganja vyako?"

"Viganja vyangu vimefanya kazi. Hebu nionyeshe vyako." Akaushika mkono wangu, akaupapasa. "Kama wa bwana harusi. Kazi yako ni kuandika moshi wa wenzio."

Nilimpelekea mtungi wa gesi wenye jiko juu yake. Niliporudi mwezi uliofuata niliukuta chumbani, pembeni mwa kitanda, umefungwa kanga mpya iliyopindwa vizuri. Jirani wa bondeni aliyekuwa amepanda kumjulia hali akauliza ni nani huyo. "Mke mwenzangu," shangazi akajibu. "Ameletwa na mwanangu kutoka mjini. Hapiki, hasemi, nalala namwogopa."

Tulicheka wote watatu. Lakini niliporudi Tanga sikuona la kuchekesha. Kwa desturi yao figa hugeuzwa tu, haliondolewi jikoni mwenye jiko akiwa hai na akiwa nyumbani. Kuliondoa ni kumwambia kwamba nyumba imekwisha, na akiachwa na mume ndivyo anavyoambiwa: mama mkwe anaingia na kuondoa jiwe moja, basi. Kumwomba shangazi atupe mafiga ilikuwa kumwomba ajitoe mwenyewe kwa mumewe aliyekufa na kwa mtoto aliyepotea. Nisipomwomba angeendelea kuvuta ule moshi. Sikuwa na njia ya tatu.

Mwaka jana ugonjwa ukaamua. Jirani alinipigia simu akasema hasimami. Nilimkuta amelala sakafuni karibu na jiko, maana kule ndiko alikozoea kupata joto, na moto umezimika. Alikubali kuja Tanga. Alikubali upesi, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Sharti lake lilikuwa moja.

"Usiyaguse mafiga yangu."

"Sitayagusa ukiwa humu, shangazi."

"Haya."

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akatazama viganja, akanisikiliza na mimi. Alisema inawezekana. Alisema pia kuna moshi wa kuni wa miaka yote hiyo, kuna umri, na kuna mambo mengine yanayofanana na haya. Vipimo vya kitu kama hicho huonyesha zaidi cha siku za karibu, na shangazi alikuwa ameshakaa siku nyingi bila kuwasha moto. Sikupata jibu la ndiyo wala la hapana. Nimeandika habari za watu wengine nikidai jibu la ndiyo au hapana, na sasa nilikaa kwenye benchi na jibu hilo la katikati.

Alipopata nafuu nilipanda kilimani na koleo na gunia. Nilikuwa nimeazimia kuyatumbukiza mafiga kwenye shimo la mgodi, yarudi yalikotoka. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani palikuwa kimya, na nilisikia mkwaruzo juu ya makuti, nikatazama: panya. Walikuwa wamesharudi.

Jikoni nilikuta majivu na mafiga mawili. La tatu halikuwepo, na siku ile nilipomchukua, kwa haraka, sikuwa nimetazama. Pahala pake palikuwa na shimo dogo la mviringo, ardhi imekaushwa ikawa nyekundu kama chungu. Halikung'olewa kwa fujo. Limezungushwa, likanyanyuliwa, na majivu yakafagiliwa.

Niliyazamisha yale mawili. Yalitoa mapovu kidogo, maji yakatulia. Nikakaa nje mahali ulipokuwa mkeka mpaka nikaona jua linaniacha.

Tanga nilimkuta shangazi kitandani, anakunywa uji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umetoka kwangu. Una majivu kwenye kucha."

"Mafiga ni mawili."

"Ndiyo."

"La tatu liko wapi?"

Alimaliza uji kwanza. Kisha akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake wala kwa bibi. Mwanamke akijua ataondoka jikoni mwake akiwa na uhai, hutoa figa moja kwa bibi harusi. Yule anaongeza mawili ya kwake. Kwa njia hiyo moto haukatiki. Alikuwa amelitoa kabla hajaanguka, wakati alipoona miguu inamkatalia. Msichana alikuja na shangazi zake kumuaga, kwa sababu upande wa mamake ni watu wa kilima kile walioshuka. Wakalibeba kwenye ungo kama sinia ya ubani.

"Bibi harusi yupi?"

"Aliyeolewa."

"Shangazi!"

"Ameolewa upande wa pwani. Kuanzia Ushongo kwenda mbele. Usiniulize zaidi."

"Lile jiwe ni sumu."

"Wewe unasema. Nikikwambia nyumba utakwenda kuingia jikoni mwa watu na gunia lako, uling'oe figa ndoa haijatimiza mwaka. Unajua maana yake. Wakwe watasema nini? Kwamba watu wa kwao wamekuja kumwachisha?" Akaniangalia kwa macho ambayo hayakuwa na mzaha tena. "Mimi nimetolewa nyumbani, nimekubali. Yeye mwache."

Nilimwambia nitamnong'oneza msichana mwenyewe, sitagusa kitu. Nimerudia ombi hilo mara nyingi tangu hapo. Ananijibu kwa kuomba maji.

Watu wa bondeni niliwauliza. Wanajuana wote, lakini aliyebeba figa hakuna aliyemtaja, na harusi za wale walioshuka zilikuwa kadhaa msimu ule, na wasichana walitawanyika: Ushongo, Pangani mjini, wengine kusini zaidi. Nimekwenda huko kwa visingizio vya kazi. Nimekaribishwa uani, nimekaa jikoni na wake wapya, nimesaidia kumenya ndizi huku nikitazama chini ya sufuria. Majiko mengi ni ya mkaa. Mengine ni ya mafiga, yamepakwa majivu, na jiwe lenye majivu halitofautiani na jiwe jingine. Nimejaribu kutumia pua. Lakini ni pwani. Mama mwenye nyumba anatwanga saumu na tangawizi, mchuzi wa samaki uko motoni, na kila jiko ninaloingia linanukia kama la shangazi yangu.

Yeye bado yuko kwangu. Kikohozi kimepungua, viganja ni vilevile. Anasema chakula changu hakina harufu. Wiki iliyopita, nikiwa naosha vyombo, aliniambia bila kuulizwa kwamba msichana yule alikuwa na adabu, kwamba alisikiliza vizuri maelezo yote. Nikasimama na sahani mkononi.

"Maelezo gani?"

"Ya figa. Kwamba aligeuze kila Shabani. Na likikaidi, alipige shoka."

Tumo katika mwezi wa Rajabu, na mwezi unaofuata ni Shabani. Sijajua bado ni nani.